Siku Nilipomfasiri Mama

Watu wananiambia nisamehe, eti ndiyo Ukristo. Nisamehe nini, na hata kukasirika sijamaliza? Nnaandika haya hasira zikiwa bado za moto, na sitaki zipoe, kwa sababu zikipoa nitaanza kusema maneno ya adabu. Maneno ya adabu ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Kanisa letu liko Mwanakwerekwe, ndani ya banda la mabati lililokuwa ghala la saruji. Miaka kumi na moja mie nilikuwa mfasiri wa hapo. Mtu akinena kwa lugha, ile ya Roho isiyoeleweka na mtu, nasimama na kuwaeleza watu kwa Kiswahili kwamba Bwana amesema hivi na hivi. Mchungaji alikuwa mkali katika jambo hilo. Mtume Paulo, alituambia, aliwaonya Wakorintho kwamba kama hakuna wa kufasiri, anayenena na anyamaze. Kwa hiyo bila mimi, hakuna anenaye. Wazee wenye mvi walikuwa wakinipisha mlangoni, nami napita, kichwa juu, sioni hata haya.

Msinielewe vibaya, sisemi kunena ni uongo. Nilipokuwa msichana nilikaa darasa la kujazwa Roho, tukaambiwa tulegeze ulimi, tuseme haleluya upesi upesi mpaka lugha ituponyoke. Ikaniponyoka. Nililia siku ile, na kilio kile kilikuwa cha kweli, hakuna atakayeninyang'anya. Lakini kufasiri ni habari nyingine. Kila Jumamosi Mchungaji alinipigia simu, tukazungumza mambo ya kanisa: kina mama wamelegea katika maombi, mume na mke fulani wananuniana, vijana wanakuja wamechelewa. Jumapili mtu akinena, mdomoni mwangu yanakuja yale yale ya Jumamosi. Hajapata kuniambia nidanganye. Hakuwa na haja hiyo.

Sasa Mama. Mama alikulia katika kanisa la zamani la Mji Mkongwe, la kengele na vitabu vya sala, na kazi yake huko ilikuwa kutandika meza ya Bwana. Kitambaa cha meza alikifua mwenyewe, akakipiga pasi mwenyewe, na hakuruhusu mtu akikunje kwa haraka. Mimi ndiye niliyemtoa huko. Nilimwambia kanisa lake limekufa, na kwa kuwa hana mtoto mwingine ila mimi, na hakupenda tusali mbalimbali, akanifuata.

Huku kwetu kuna desturi yetu. Asiyenena hajajazwa, na asiyejazwa hagusi meza. Kina mama ambao hawajanena wana benchi lao ubavuni, karibu na spika, tunaliita benchi la wanaongoja. Mama alikaa hapo miaka sita. Wanawake wa umri wa kuwazaa walikuja, wakanena, wakahama, yeye yupo tu. Mwaka wa pili alidarizi kitambaa kipya cha meza, cheupe, na mashada ya zabibu kwenye pembe nne. Wakakipokea kwa vigelegele, kisha wakakitandika wengine. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana nilimwona akiinyoosha shingo kutazama kama pembe zimekaa sawa.

Mara moja tu aliniuliza. Tulikuwa jikoni, anakuna nazi. Akasema siku ya Pentekoste si kila mtu alisikia kwa lugha ya kwao, wakaelewa wote? Mbona huku tunanena ndipo tusielewane? Nikamjibu kwamba shaka za namna hiyo ndizo zinazomfunga ulimi. Akarudi kwenye mbuzi yake, akaendelea kukuna.

Basi mwaka huu Mchungaji akawapangia wa benchi lile mfungo wa siku tatu, bila chakula na bila dawa, kwa imani. Mama ana presha. Vidonge vyake hukaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Siku ya kwanza nilimkuta amesimama analitazama kopo, na mimi, kwa mikono yangu hii, nikalichukua nikalificha chumbani kwangu asije akajaribiwa. Hapa ndipo kila ninapofika ninaacha kuandika, nainuka, nazunguka nyumba nzima.

Jumapili asubuhi alisema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ajikaze, hivyo ni vita, leo ndiyo siku yake. Yapata saa nne, katikati ya nyimbo za sifa, Mama akainuka kwenye benchi. Akafumbua mdomo, yakatoka maneno yasiyo maneno, mengi, yanafuatana, sauti inapanda. Kanisa lote likageuka. Mchungaji akanyoosha mkono kuzima kinanda, watu wakaanza kulia kwa furaha, mwanamke mmoja akaanguka magoti. Miaka sita, sasa kapata.

Mie nilikuwa nshafika mbele yake na kipaza sauti. Akanishika kwa mkono wa kushoto, akanikamata hasa, kucha zikaniingia. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia. Mate yalimtoka upande mmoja wa mdomo, nikayafuta kwa ncha ya kanga yake. Macho yake yalikuwa yameniganda usoni, na ndani yake mlikuwa na hofu. Niliiona. Sitasema sikuiona. Niliiona hofu ya mama yangu, nikaigeuza kuwa ujumbe.

"Bwana anasema, binti yangu, usiogope," nikawatangazia watu. "Nimeyaona machozi yako ya miaka sita."

Akazidi kusema, nami nikazidi kufasiri. Kila alivyonivuta nikasema Bwana anatuvuta karibu. Kila alivyotikisa kichwa nikasema Bwana anakataa uvivu wetu wa maombi, maana hilo ndilo tulilozungumza Jumamosi. Mama alikuwa ananikatalia mie, ananiambia sivyo, sivyo, nami nasimama pale namtia Mungu maneno yangu mdomoni.

Hawakumwachia. Walimkalisha kiti cha mbele, wakampaka mafuta, wakapiga naye picha, wakamletea pilau. Hakula, wakasema ameshiba Roho. Mchungaji akatangaza kwamba kuanzia leo mama yetu atatandika meza. Tulifika nyumbani Kikwajuni saa nane na nusu, wanawake wawili wakimshika mabegani huku wakiimba.

Jirani yetu ni bibi wa Kiislamu, mlango wake unatazamana na wetu, na marehemu mumewe alilala kitandani miaka minne. Alitoka kutusalimia. Nikampa shikamoo yake, hakuitikia. Alikuwa anautazama uso wa Mama.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu kapata kiharusi. Tangu saa ngapi yuko hivi?"

Nikaanza kumweleza habari za Roho na lugha. Hakunibishia, hakuitukana dini yangu, alijitupia buibui, akashuka ngazi kwa magoti yake yale mabovu, akaenda kusimamisha gari barabarani.

Hospitali daktari aliniuliza swali lile lile, ilianza saa ngapi. Saa nne, nikasema. Nilijua kwa hakika, saa ya ukutani kanisani inatazamana na mahali pangu pa kusimama. Akaitazama saa yake, ilikuwa saa tisa imepita, akaandika. Akasema kwa ugonjwa huu mgonjwa haletwi baada ya chakula cha mchana, analetwa pale pale. Laiti angenigombeza. Alisema kwa upole tu, kama mtu anayemweleza mtoto.

Mchungaji alikuja siku ya pili na matunda. Akaniambia Mama alinena kweli, na kiharusi kilikuja baadaye, wivu wa Shetani. Nikamwambia pale pale kwenye ukumbi wa wodi, wagonjwa wanasikia, kwamba Mama hakunena, alikuwa anaugua, na mimi nikawaambia watu ni Mungu. Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Dada, usiwavunje watu moyo. Wengi wamejengeka kwa ile siku."

Wamejengeka! Juu ya mgongo wa mama yangu. Nilimrudishia mfuko wake wa matunda na nikamwonyesha mlango, na nilivyomwonyesha sio kwa adabu. Jirani yetu alikuwepo, amekaa na uji. Alisema la kuvunda halina ubani, akaendelea kuupoza uji.

Mama sasa yuko nyumbani. Akili yake iko timamu, daktari amesema, anaelewa yote tunayomwambia, ila yakitoka kwake yanatoka vile vile kama siku ile. Kichwa anakitikisa kwa hapana na kukiinamisha kwa ndiyo, na kwa njia hiyo nauliza mpaka nifike: chai, choo, dirisha, joto. Mara nyingine sifiki. Anachoka, anageukia ukutani.

Wiki iliyopita walikuja wale wanawake wawili, wametumwa. Walileta kile kitambaa cha zabibu, kimepigwa pasi, kimekunjwa. Mchungaji amesema Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana, gari litakuja kumchukua, watamshika mkono atandike, kanisa lione ahadi imetimia. Nikafungua kinywa niwafukuze. Kabla sijasema neno, Mama aliiona ile nguo ya meza, akainuka kidogo kitandani, akaishika kwa mkono wake wa kushoto na kuanza kusema.

Alisema kwa muda mrefu. Aliikunjua, akapapasa pembe moja, sauti yake ikapanda, machozi yakamtoka. Hakuwa akizungumza nao, alikuwa anazungumza nami. Huenda alitaka kwenda. Huenda alitaka ichanwe. Huenda alikuwa anauliza habari za kopo la biskuti. Na wale wanawake, kwa mazoea yao ya miaka yote, wakanigeukia mimi na kungoja.

"Dada," mmoja akasema kwa unyenyekevu, "anasema nini?"

Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni, mazuri, yamepangika, hayajapata kunitupa mkono. Nikayameza.

"Sijui," nikasema. "Sijui Mama anasema nini."

Mama akanitazama, na nguo iko mapajani, akainamisha kichwa mara moja, taratibu: ndiyo.