Tundu Moja Nyuma ya Runinga

Nyumbani kwetu Kinondoni tulikuwa na runinga kabla Bara haijapata kituo chochote cha kurusha picha. Tulinasa Unguja. Antena ilifungwa juu ya mwanzi mrefu, na kuuzungusha ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina ajira, siwezi kukaa kitako, hivyo kupanda juu ya bati kulinifaa. Ubaya wake, mzungushaji haoni picha. Anasikia tu: "Bado! Rudisha! Hapo hapo!"

Barua ikaja kutoka kwa mama mdogo, aliyeolewa Unguja na kuimba taarabu huko. Kikundi chao kingeonyeshwa Ijumaa jioni. Mama hakuwa amemwona tangu aolewe. Alipiga pasi kanga zake utadhani ni yeye atakayetazamwa.

Alhamisi kaka yangu, baharia, akarudi na kibao cha plastiki chenye vitufe vya herufi. Alisema ni kompyuta, na kioo chake ni runinga yoyote. Enzi hizo vyote viwili, runinga na kompyuta, vilikatazwa, vikiingizwa nchini kwa kificho.

Ijumaa mchana mama alikwenda sokoni. Nyuma ya runinga kulikuwa na tundu moja tu. Nilichomoa waya wa antena, nikautupia nje ya dirisha usinisumbue, nikachomeka wa kompyuta. Niliandika jina langu, likatokea pale pale wanapokaaga waimbaji. Nikaliandika tena na tena, nikasahau saa. Niliposikia sauti ya mama uani, nilichomoa kile kibao na kukisukuma chini ya kochi.

Jioni sebule ilijaa majirani. Mama akawasha. Chenga tupu.

"Panda, mwanangu. Upesi!"

Nikapanda, nikazungusha.

"Bado!"

Nikazungusha tena.

"Wee fundi, hiyo umeipeleka Chalinze!" jirani mmoja akapaza sauti, wengine wakacheka. Mama hakucheka. "Rudisha, baba, rudisha! Wameshaanza hao!"

Nilizungusha mpaka viganja vikachubuka. Nikainama kujifuta jasho, ndipo nikauona: waya wa antena, ncha yake ikining'inia nje ya dirisha.

Niliruka chini, nikaingia mbio, nikachomeka. Picha ikaja. Wimbo ulikuwa umekwisha, waimbaji wanainuka, wanaondoka.

"Yule wa mwisho," mama akasema. "Ule mgongo. Ndiye?"

Mama mdogo alifariki kabla hawajaonana.

Tangu hapo nimehamahama: Temeke, Tabata, sasa Kimara. Sebuleni kwangu runinga na kompyuta ni kitu kimoja, na binti yangu hutafuta humo taarabu yoyote anayoitaka. Ile ya Ijumaa hajaipata. Na kila anapowasha, mie hunyanyuka, nikapitisha mkono nyuma ya kioo kupapasa waya.

"Baba, unatafuta nini huko?" huniuliza. "Hii haina waya."