Haki Ndani ya Kopo

Mama Françoise amekuwa akiuza maharagwe katika soko la Bunia tangu silaha zilipotulia, ijapokuwa hazijatulia kabisa. Huyavusha mpaka wa Mahagi hadi Uganda, akarudi na sabuni. Mteja wake hupata kopo lililojaa, na akishalipa, huongezewa kiganja kimoja cha bure, ambacho sisi hukiita matabishi.

Mwaka jana wafanyabiashara waliitwa katika ukumbi wa parokia ili wasikilize rasimu ya mkataba wa biashara huria na nchi jirani. Bwana Dominique, mjumbe kutoka Kinshasa, aliposoma kwamba ushuru utafutwa, akina mama walipiga vigelegele. Françoise hakupiga. Pale mpakani askari wa kiume walikuwa wamemvua kitenge mbele ya watu, eti wanampekua, naye akasimama kuomba mkataba ulikataze jambo hilo.

"Haki za binadamu zimo mwishoni, katika nyongeza," Dominique alieleza kwa upole. "Majirani wakiziona mbele, watasita kutia sahihi."

"Anasema kweli," akadakia Jemima, ambaye meza yake sokoni inapakana na ya Françoise. "Acha kwanza ushuru itoke! Weye unagombanaka hata na mvua."

Ukumbi ulicheka, Françoise akiwamo.

"Jemima, kimya kidogo, ndugu yangu. Bwana Dominique, jirani akikataa kufuata ile nyongeza, mutamufanya nini?"

"Hakuna adhabu, Mama. Tunategemea nia njema."

"Basi hiyo njo matabishi! Matabishi ninatoa nikipenda. Nikikunyima, hauwezi kunishitaki. Lakini nikikupunja kopo, utanipandia juu mbele ya soko yote. Mwili yangu haiko matabishi. Muiweke ndani ya kopo!"

"Ndani ya kopo!" Jemima ndiye aliyepaza sauti wa kwanza, na ukumbi mzima ukamfuata.

Dominique alikuna kichwa, kisha akakitoa kifungu cha upekuzi katika nyongeza na kukiandika mara baada ya ushuru: mwanamke apekuliwe na mwanamke, faraghani, na askari atakayekiuka ashtakiwe. Akaahidi kukitetea.

Miezi kadhaa baadaye alifika sokoni akitabasamu. Majirani walikuwa wamebishana naye, wakafuta sentensi moja, lakini kifungu kilibaki mahali pake, adhabu ikiwamo. Françoise alimkumbatia hadi miwani ikaanguka. Dominique akanunua maharagwe, akalipa, akabaki ameufungua mfuko.

"Unangoja nini tena, Papa?"

"Matabishi, Mama."

"Mutu ya Kinshasa amejifunza!" alicheka Jemima.

Françoise akamtilia viganja viwili.