Aliyeshuka Shimoni

Siku hizi mashine inapasua gogo kabla hujamaliza kumsalimu mwenye nayo, na mwenyewe hana haja ya kusalimiwa. Zamani mbao zilitaka watu wawili na msumeno mmoja mrefu: mmoja juu ya gogo akifuata mstari, mwenzake shimoni chini yake, akivuta huku akimwagikiwa na unga wa mbao. Jirani yangu Mpasuaji alikuwa wa juu. Wa chini alikuwa mdogo wake, tangu ujana wao hadi kifo kilipomchukua, gogo la mwisho likiwa limepasuliwa nusu.

Watu walikuja, wakala, wakasema pole, wakaondoka. Hata msiba sasa una haraka. Mpasuaji akabaki anakaa ukingoni mwa shimo kutwa nzima, salamu haitikii. Waliojitolea kushika chini aliwafukuza kama kuku waliovamia mahindi. Mahali pa mdogo wake hapasimami mtu.

Mjane wa marehemu akaja, mikono kiunoni.

"Shemeji, mvua zinakaribia. Kazi aliyoianza mume wangu ndiyo ioze?"

"Na ioze."

"Haya. Mzike mara ya pili, basi."

 Mpasuaji akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekaa kando. "Mzee mwenzangu, unaweza kufuata mstari?"

"Kwa macho haya? Hata mlango wangu naupapasa."

"Panda."

Nikapanda. Yeye akashuka shimoni, akasimama palepale alipokataza watu. Tukavuta. Nilikwenda kombo, naye hakunikaripia. Mara msumeno ukasimama.

"Kumbe huku huoni kitu," akasema. "Macho yote unga, mdomo wote unga. Wala hakuwahi kulalamika, mjinga yule."

Nikamsikia analia. Sikuchungulia. Wa juu hamwoni wa chini. Humjua kwa mkono tu. Nikashika mpini wangu nikangoja. Mkono wake ukavuta, kilegevu kwanza, halafu kwa nguvu.

Jioni ubao ukaanguka, mnene huku, mwembamba kule. Mjane akaupapasa.

"Huu ubao au nyoka?"

"Muulize fundi wa juu," Mpasuaji akasema, na nusura acheke. "Kesho tunapasua wa pili. Aje na macho yake."

Akashika njia ya nyumbani, kichwa cheupe kwa unga. Shemeji yake alinyoosha mkono amkung'ute, Mpasuaji akamzuia.