Magunia Sebuleni na Ombi la Mvua

Mwaka ule mavuno yalikuwa mazuri, nusu ya ofisi yetu hapa Dodoma iligeuka wachumi. Walanguzi walikuwa watu wengine. Sisi tulijiita wawekezaji. Mwekezaji ananunua mahindi mwezi wa saba, mkulima anapohangaika na ada za watoto, anayafungia ndani, kisha anasubiri njaa. Njaa nayo hatukuitaja. Tulisema tunasubiri soko lichangamke.

Nilinunua magunia thelathini. Kumi yalikuwa ya mama mkubwa, dada yake mama, anayelima upande wa Mvumi. Alitaka kubakiza manne ya kula. Nikamweleza kitaalamu kabisa kwamba yatamalizwa na dumuzi, wale wadudu wa ghalani, afadhali auze yote, akiishiwa atanunua. Alikubali, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo.

Nyumbani Miyuji magunia yalijaa sebule mpaka dirishani. Makochi yalihamia chumbani, wageni wakakalia mahindi, na mke wangu akawa anakohoa dawa ya kuhifadhia nafaka. Kila asubuhi nilitoka kutazama mbingu. Nikiona wingu, moyo ulinipasuka.

Mvua ilinyesha Desemba, ikakata. Januari mahindi yakajikunja shambani, bei ikapanda, nami nikanenepa. Aibu niliiona, sikatai, ila ilikuwa inaniisha kila nikisikia bei ya sokoni.

Jumapili moja mchungaji akatangaza maombi maalumu ya mvua, akaniita mimi, mzee wa kanisa, niyaongoze. Mama mkubwa alikuwa benchi la mbele. Alikuwa ameingia mjini asubuhi hiyo na mfuko mtupu mkononi, kutafuta chakula. Nikafumba macho.

"Baba, tunaomba mvua," nikasema, "ila kwa wakati wako. Wewe si wa kuharakishwa."

Soda za harusi nimewahi kuziombea kwa bidii kuliko hivyo. Amina ya waumini ilitoka kinyonge.

Nje nikamwendea mama mkubwa. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, leo umeomba kama mtu mwenye mahindi."

Nilimpeleka nyumbani, ningefanyaje? Pale sebuleni alisimama mbele ya gunia moja lililoshonwa mdomo kwa utepe wa kanga kuukuu. Ilikuwa kanga yake. Akaupapasa ule utepe, akauliza debe ninauza shilingi ngapi.

Ningependa kuandika kwamba nilimpa bure. Nilimpunguzia bei, maana ni mama yangu, na hata huko kupunguza kuliniuma. Akapokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniombea kwa Mungu anizidishie. Aliondoka na debe moja. Hela iliyobaki katika ile niliyomlipa kwa magunia kumi haikutosha debe la pili.