Mtaa wa Baba Kule Łódź

Nikinusa maandazi ya Kipolandi, yale yenye jamu ya waridi ndani, popote hapa Sydney, namwona baba yangu na viatu vyake vyeusi, mikono nyuma, akitembea polepole kama bwana harusi.

Baba alisomea uhandisi wa nguo Łódź, mji wa viwanda huko Poland, kabla hajarudi Morogoro na kabla hatujahamia Blacktown, pembezoni mwa Sydney. Mtaa mkuu wa mji ule, Piotrkowska, ulikuwa haumtoki mdomoni. Jumamosi moja kila mwezi alinivalisha gauni la kanisani, tukapanda treni mpaka mjini, tukaitembea George Street mwanzo hadi mwisho, huku yeye akinisimulia mtaa mwingine kabisa. Hapa pangekuwa na lango refu la kuingilia uani. Pale duka la vifungo, vifungo vitupu, ghorofa mbili. Watu wa Sydney walitupita na haraka zao. Nikimvuta mkono, ananiambia, "Taratibu, mwanangu. Tumekuja kutembea, hatufukuzwi."

Nilimwamini mpaka nilipofika miaka kumi. Shuleni nilijigamba kwamba baba ni mhandisi, msichana mmoja akanikatiza: mbona kaka yake anafanya naye kazi ghalani Auburn, na anapakia maboksi tu? Toka siku ile nikaanza kuwaza kwamba labda Łódź yote baba ameitunga. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi yetu iliyofuata, mwisho wa George Street, tukakuta kibanda cha mama mmoja mzee wa Kipolandi akiuza maandazi hayo. Nikasema moyoni, leo ni leo. Nikamwambia baba kwa Kiingereza, maana enzi zile Kiswahili nilikisikia tu, sikukizungumza, amsalimie mama yule kwa lugha yake. Baba akasitasita, akatazama viatu vyake. Nikajua nimemkamata.

Kisha akafungua kinywa, na Kipolandi kikamtoka bila kukwama. Kumbe mama yule alikuwa mtu wa Łódź hasa. Wakaanza kuutembea mtaa wao palepale waliposimama, wakionyesha kwa vidole kushoto na kulia, wakibishana duka la vifungo lilikuwa upande gani, wateja wakisubiri. Baba akashinda. Kifua kilinijaa, nilitamani shule nzima iwepo.

Katikati ya maongezi walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea. Na kila mara mama yule alimwita baba kwa neno lilelile. Kwenye treni nikamwuliza maana yake.

"Mhandisi," akasema, akiangalia dirishani. "Kule ukishasomea uhandisi, wanakuita hivyo mpaka unaingia kaburini."

Kwa miaka mingi nilidhani alisitasita kwa kuogopa kwamba lugha imempotea. Mwaka jana ndipo nilipomwuliza kile kimya kilikuwa cha nini. Akacheka. Mama yule alimwuliza anafanya kazi gani hapa Sydney, swali alilokuwa akilihofia tangu alipokiona kibanda, naye akamjibu kwamba anapakia maboksi ghalani. Angeweza kumwambia lolote. Mimi niliyesimama pale kumpima uongo sikujua hata neno moja la Kipolandi.

"Na yeye akasemaje?" nikauliza.

"Akafikiri kidogo. Akasema, sawa, mhandisi, tulikuwa tumefika wapi?"