Vanishi ya Kidani Cheupe

Mtaani walimwita Bi Magazeti, na si kwa sababu alipenda kusoma. Alikusanya magazeti ya rangi na kalenda za mwaka uliopita, akazikata vipande virefu, vipana upande mmoja na vilivyochongoka upande wa pili. Kila kipande alikiviringisha kwenye spoku ya baiskeli, akabana ncha kwa gundi, akachomoa spoku, na mkononi ukabaki ushanga. Kisha kupaka vanishi, mkono wa kwanza, ikauke siku nzima. Halafu mkono wa pili, ikauke tena. Wasichana waliokuja kujifunza kazi kwake waligongwa vidole kwa rula kila walipoharakisha.

"Mtaadhirika," aliwaambia. "Juu inang'aa, ndani bado uji."

Kwa shanga hizo alimlea binti yake tangu mumewe alipofariki. Binti hakuwahi kuvaa hata moja. Shuleni wenzake walimtania hadi akalia, na alipokua akawa anaziita "vikaratasi vyako." Mama alicheka kidogo, akaendelea kuviringisha.

Harusi ya binti ilipokaribia, mama alitamani jambo moja tu: mwanawe amwombe kidani kwa hiari yake. Hakusema. Wifi yake, shangazi wa binti, alikuwa ameshaleta mkufu wa dukani uliopakwa rangi ya dhahabu, umelala ndani ya kijisanduku cha mahameli.

Asubuhi ya siku moja kabla ya harusi mvua ilikuwa inanyesha. Binti aliingia jikoni, akasimama akichezea pazia.

"Mama, zile shanga nyeupe, za kalenda. Unaweza kunitungia kidani? Nivae kesho."

"Kesho?"

"Kama haiwezekani, basi. Nitavaa mkufu wa shangazi."

Shanga zile zilikuwa hazijapakwa vanishi hata tone. "Haiwezekani" ni neno ambalo Bi Magazeti alikuwa amewaambia wateja wakubwa kwa wadogo bila kupepesa macho. Siku hiyo alinyoosha mkono, akachukua kopo la vanishi.

"Itawezekana, mwanangu."

Akapaka, akazianika kando ya jiko la mkaa, akazipepea kwa mfuniko wa sufuria. Mkono wa kwanza ulikuwa bado unanata alipopaka wa pili. Alijua. Mwanafunzi wake angefanya hivyo, angemgonga rula. Jioni shanga zilimetameta kama zimelowekwa kwenye asali, akazitunga.

Wifi alikinyanyua kidani kwa ncha za vidole. "Wifi, haya ni mapambo au habari za jana? Bibi harusi akitoka jasho, si tutamsoma matangazo ya biashara shingoni?"

"Shangazi, acha bwana," binti alisema, akacheka. Lakini kesho yake alikivaa. Aliingia ukumbini nacho, na mama, aliyekaa safu ya mbele, hakumwona bwana harusi wala maua. Aliona shingo tu.

Ukumbi ulijaa, feni zikawa zinazungusha joto lile lile. Watu wakamkumbatia bibi harusi mmoja baada ya mwingine, wakimkandamiza kidani kifuani. Mpiga picha alipomwomba anyooshe shingo, kidani kilikataa kusogea. Kilikuwa kimegandamana na kola ya lesi. Binti akakivuta, lesi ikachanika, na doa la manjano likabaki kwenye gauni jeupe, pana kama kiganja.

Shangazi alikuwa ameshafungua kijisanduku. Akamfunga binti mkufu, akamfunika doa kwa mtandio, akamgeukia mama.

"Si nilisema, wifi? Karatasi!"

Binti hakupaza sauti. Alikiweka kidani mapajani mwa mama yake, akainama kana kwamba anambusu.

"Si ungeniambia tu haiwezekani, mama?"

Mama akakikunja kidani ndani ya leso yake. Mpiga picha akaita, binti akaenda. Katika picha zote mama alizoletewa baadaye, mtandio upo na mkufu upo.

Wiki chache baadaye, mwanafunzi mmoja alikiona kidani msumarini, kina nyuzi za lesi zilizonasa ndani ya vanishi.

"Fundi, hiki mbona hukiuzi?"

"Hakijakauka."

Msichana akakigusa. Kilikuwa kigumu kama jiwe. "Mbona kimekauka kabisa?"

"Kata karatasi," Bi Magazeti akamwambia, na rula ikagonga meza.