Maji ya Kuloweka Muhogo

Mwaka ule mvua ilipokosa misimu miwili mfululizo, nilikuwa mwalimu kijana mwenye vitabu vingi na majivuno yaliyovizidi. Nilinunua gunia la muhogo Mtito Andei, kwa mama mmoja aliyeuleta kutoka pwani. Aliponitambua kuwa Mkamba, alinishika mkono.

"Mwalimu, huu si wenu wa kutafuna shambani. Huu mchungu. Uumenye, uuloweke siku nne, umwage maji, ndipo uuanike."

Kwetu muhogo ni mtamu, huliwa mbichi. Maji nayo yalikuwa mwendo wa nusu siku, katika visima vya mchangani, na aliyeyabeba ni dada yangu mdogo, mtungi mgongoni, kamba kipajini. Kuyamwaga kulionekana kwangu dhambi. Mama aliniuliza muuzaji alisemaje. Nikamjibu, kwa sauti ya darasani, kwamba moto huua kila sumu. Tukauchemsha siku ile ile, na maji yake tukayanywa kama supu. Kwa majuma mengi hatukuwa na kingine, isipokuwa mimi, niliyepata uji shuleni.

Asubuhi moja dada aliinama kuinua mtungi, miguu ikamkatalia. Alirudishwa juu ya punda. Mashavu ya miguu yalikuwa magumu kama gogo, visigino havigusi chini. Majirani walinong'ona uchawi. Kanisani wakafunga na kuomba. Tabibu wa Makindu aliuliza tu tulikula nini. Akaeleza kwamba mzizi ule una sumu yake ya asili, isiyotoka bila kulowekwa siku kadhaa, nayo imeharibu njia inayopitisha amri kwenda kwenye misuli. Misuli i hai, ila imekaza na haijui kulegea.

"Atapona?" mama aliuliza.

"Haitazidi hapa, mama. Wala haitarudi nyuma."

Jumapili iliyofuata mama alisimama mbele ya waumini, akatubu kwamba tamaa ya tumbo ilimfanya aharakishe chakula na kumlemaza mwanawe. Nilikuwa benchi la tatu, kitabu cha nyimbo mkononi. Sikusimama. Mama alizikwa na lawama hiyo.

Dada hutembea kwa ncha za vidole, akiegemea fimbo mbili. Mwaka jana, akimenya muhogo jikoni kwangu, aliniuliza bila kuinua macho, "Kaka, yule mama wa Mtito Andei hakukuambia kitu?"

Nimewachapa watoto wa watu kwa sababu ya uongo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimwambia sikumbuki.